Valeriani ya Ukutani

Nilitoka zamu ya usiku, mikono inanuka sabuni ya wodi,
nikamkuta Bi Enid Wragg kwenye ngazi ya mawe,
kapiga goti, anauongelesha ukuta.

"Hii si yenyewe," akaniambia, bila salamu.
Wirksworth nzima yaiita valeriani,
nyekundu, imejibanza kati ya jiwe na jiwe
pasipo udongo wa kutosha kuziba jino.
Kwao Mediterania. Mbegu yake ina manyoya,
haikubisha hodi.

Yenyewe iko bondeni, kwenye mfereji wa Cromford,
ndefu, waridi hafifu, majani kama mbavu za samaki.
Jumapili alinipeleka. Viatu vyangu vililowa.
Kuna na ndogo ya kinamasi, akasema,
dume huota kwake, jike kwake,
nyuki asipopita basi hakuna mtoto.
Kuna ya Pirenei, iliyotoroka bustani ya tajiri.
Kuna jamaa yake inayoliwa mbichi, ingali changa,
sisi tungeichemsha na nazi kama mchicha.
Na nardo.
Nikashtuka: nardo ile
aliyoihubiri baba kila Juma Kuu?
"Binamu," akasema. "Wa Himalaya."
Zipo mamia. Niliacha kuhesabu kwenye ya kumi na moja,
mvua ilikuwa imeanza.

Mzizi alionipa niliukausha juu ya redieta.
Chumba kikanuka soksi za mlinzi wakati wa masika.
Paka wake, Wilfred, mzee mwenye baridi yabisi,
akapanda vidato kumi na vinne, akagaagaa
mlangoni pangu kama aliyefiwa.
Nilikunywa kikombe kizima. Kichungu.
Nililala? Kidogo.
Niliota naulizwa jina la tatu kwenye fomu,
na kila nililoandika lilifutika.

Leo anakohoa, ameushika ukuta.
Vitabu vipya, asema, vimegeuka kauli:
wamepima nasaba ya mimea kwa mashine
na hii nyekundu wameiingiza ukooni.
"Miaka arobaini," asema, "nimewasahihisha watu.
Hata mchungaji nilimsahihisha, siku ya mazishi ya Geoffrey."
Hacheki. Anakwanyua kikonyo kilichokauka,
anakitia mfukoni mwa aproni, sijui cha nini.

Ukuta uko vilevile. Nyuki nao.
Mimi funguo sizioni,
ziko chini ya begi, chini ya sare, chini ya mkate,
na Wilfred ameshaketi juu ya mkeka wangu
akiningoja nifungue.