Mkaguzi wa Mizani

Kazi yangu ni mizani.
Si ile ya malenga wa mji huu wa Tanga,
wanaoihesabu kwa vidole, nane kwa nane;
yangu ni ya shaba, imelala kwenye kasha la mninga:
kilo, nusu, robo, hadi gramu moja
nyembamba kama ukucha wa mtoto.

Jumatatu nilikuwa Ngamiani, kwa Mhina muuza miti-shamba.
Amepanga magome kama madaftari ya shule,
unga wa mlonge kwenye chupa za asali,
mizizi mafungu mafungu kwa kamba ya katani.
Nikaweka jiwe langu upande huu, lake upande ule.
Ulimi wa mizani ukasimama katikati.
Nikampigia muhuri.

Jumanne, duka la dawa karibu na Bombo.
Makoti meupe, mizani ya kioo,
kiyoyozi kinatetemeka kama mgonjwa wa homa.
Nayo ikasimama katikati.
Muhuri uleule, wino uleule.

Jumatano nilibaki nyumbani Makorora na Mwantumu,
na hapo sikuwa na jiwe la kuweka.

Dirishani vidonge vya hospitali,
kimoja asubuhi, kimoja usiku, baada ya chakula.
Chakula kipi, na kichefuchefu kimepiga kambi kooni?
Pembeni, sufuria ya dada yake, Mwanakheri:
maji meusi yanayonuka msitu ulionyeshewa.
"Vidonge hivyo ni kemikali tupu," asema dada mtu.
"Na hiyo mizizi nani kaipima?" ajibu kaka mtu,
fundi wa eksirei, mkavu kama picha zake.
Kisha wote wawili wakanigeukia mimi.
Mimi, mpimaji wa serikali.

Jioni natandika kitanda, nakuta chini ya godoro
vidonge kumi na saba ndani ya pindo la leso.
Nikavihesabu mara mbili. Kuhesabu ndiko ninakokujua.
Sikusema kitu. Niliogopa nikifungua mdomo
itatoka sauti ya ofisini.

Ijumaa, kliniki. Nesi Ngatunga aliweka kalamu chini.
"Mama, nyumbani unatumia nini kingine?"
Miezi mitano. Daktari naye aliwahi kuuliza,
lakini aliuliza kama mtu anayefunga mlango.
Mwantumu akanitazama, akatazama viatu vyake,
akafungua pochi, akamwaga vyote mezani:
gome, unga, mbegu, na ile leso.

Nesi hakucheka. Alinusa.
"Tangawizi hii kunywa, itakushushia kidonge.
Gome hili silijui. Nisilolijua
silisifu wala silitukani, ila figo zako
zina kazi ya kutosha. Liache kwanza.
Vidonge nitazungumza na daktari, tuone saa na kipimo.
Ukitapika, nipigie. Usifiche."

Nikalirudisha gome kwa Mhina.
"Ulimwambia atapona?"
Akafuta sahani ya mizani ambayo haikuwa na vumbi.
"Nilimwambia litapunguza maumivu.
Kupona alikuongeza mwenyewe, njiani."
Kisha, bila kunitazama:
"Nami nilimwona akikuongeza."
Akanirudishia elfu nane. Nazo nikazihesabu.

Usiku huu amemeza cha usiku, kwa tangawizi ya moto.
Mwanakheri kanuna jikoni, anagonga masufuria.
Kasha langu liko uvunguni, limefungwa.
Nimeushika mkono wa mke wangu,
mwepesi kuliko ulivyokuwa wakati wa Ramadhani;
kwa gramu ngapi, naweza kukisia. Sikisii.

"Bado chungu," asema.
"Kipi? Kidonge au tangawizi?"
"Vyote," asema, akaninyooshea kikombe
nimwongeze.