Shuka la Mataifa

Mchungaji Mutabesha alinijia Jumanne
na shuka mbili zilizoshonwa kuwa moja.
"Nzanzu, nichoree mwisho wa dunia.
Jumapili uwe umekauka."

Mimi huchora vibao: vichwa vya kunyoa,
mbuzi anayetabasamu kando ya moto wake,
jino jeupe mlangoni kwa mng'oa meno.
Mwisho sikuwahi kuuchora. Nikataja bei.
Akatoa nusu. Nusu ya pili, akasema, baada.
Sikumuuliza kama kutakuwa na baada.

Nikalitandaza uani, juu ya jiwe,
maana kwetu Majengo ua ni jiwe tupu,
moto ulioshuka mlimani mimi nikiwa tumboni
ukaganda, na watu wakarudi na mbao na misumari
wakajenga juu ya mgongo wake ungali na joto.
Kila nilipokaza brashi, mlima ulipenya:
goti la sanamu likaota kinundu,
mnyama akapata chunusi shingoni.

Mchungaji alikuja kila jioni na daftari.
Huyu wa kaskazini mpe farasi wengi.
Hawa wa mashariki wavuke mto mkavu.
Pembe ndogo iandike jina la taifa hili. Hapana,
lile. Nikafuta kwa mafuta ya taa.
Keshoye akalirudisha la kwanza.
Pembe ile imefutwa mara tatu,
ukiinusa utadhani ni kibatari.

Mama yangu Kavugho akasimama na ungo wa maharage.
"Na sisi tuko wapi hapo?"
"Sisi hatumo, mama. Sisi ni mashahidi."
Akapepeta kidogo. Maganda yakaangukia baharini.
"Mchungaji, unasema mataifa yatakusanyika.
Mbona yalishakusanyika?
Bendera ziko kwenye mahema, kwenye mikebe ya mafuta,
kwenye mikia ya helikopta zinazotisha kuku wangu.
Nimefulia askari wa kambi ya uwanja wa ndege miaka sita,
mashati ya mataifa saba.
Shingoni wote wana uchafu wa rangi moja."

Mchungaji akafunga daftari. Hakuandika hilo.

Jumapili tukalitundika kati ya mikaratusi miwili.
Akashika fimbo, akaanza na kichwa cha dhahabu,
akashuka kifua, tumbo, miguu ya chuma.
Alipofika kwenye vidole vya udongo
tulisikia mlio upande wa Sake.
Kisha mwingine. Watu wakatazama shuka,
wakatazama barabara, wasijue kipi kinamwonyesha mwenzake.

Barabarani hapakuwa na farasi.
Palikuwa na chukudu, magodoro, sufuria,
mzee amebeba mlango wa nyumba yake, mlango tu,
na mvua.

Mama mmoja akaja moja kwa moja mbele,
mtoto mgongoni ametota, meno yanagongana.
Hakuuliza habari za falme.
Akashika pindo la shuka, akalipima kwa vidole
kama mtu aliye sokoni:
"Hii ni pamba?"

Mchungaji alinyamaza muda mrefu.
Kisha akaiweka fimbo chini, akapanda kwenye kiti,
akafungua fundo kwa meno.

Mtoto alilala ndani ya mataifa yote,
bahari ya maganda ya maharage miguuni pake.
Asubuhi aliamka na alama
nyekundu, kwenye paji la uso:
pembe ile ndogo haikuwa imekauka.
Watu wakarudi nyuma hatua moja.

Mama akamvuta kwa mkono,
akatema mate kwenye ncha ya kitenge,
akasugua, akaongeza sabuni, akasugua,
jinsi alivyosugua shingo za mashati,
huku mtoto akimpiga mateke na kulia
kwa sauti ya mtu mwenye afya.

Ilitoka. Ilibaki harufu ya mafuta ya taa.

Nusu ya bei yangu sijalipwa.
Nikikutana na Mchungaji penye bomba la maji
hunitazama, hutazama mlima, husema: baada.
Nami nachota maji, naondoka,
nikilishikilia hilo neno.