Unga wa Nondo

Tukuyu, umeme umekatika tena.
Nondo anagonga kioo cha chemli ya Bibi Sekela,
anarudi, anagonga.

Mchana kutwa nilichekecha vumbi la mwamba wa Ludewa,
tope lililolala kabla ya ua la kwanza duniani.
Mwili haukuwamo. Wala bawa.
Chini ya darubini, magamba mawili tu;
mbele yake chembe ya ulezi ni jabali,
na mistari yake imenyooka
kama chai ya Rungwe ukiitazama toka juu.

Basi ulimi ule uliojikunja
ulinywa nini, maua hayajazaliwa?
Labda tone kwenye koni ya msonobari.
Sijui.

Namkamata, namtoa dirishani, mvuani.
Bibi ananitupia kitambaa: “Futa vidole, uchafu huo.”

Nimekishika.
Sijafuta.