Saa ya Newala

Niliajiriwa kufukuza mbuzi.
Mkataba ulisema "mlinzi wa mitambo,"
lakini antena arobaini zilizosimama
katika shamba la mikorosho la marehemu Nangumbi
hazina adui ila mbuzi wa Bi Fatu Mchopa,
anayependa ganda la waya kuliko majani.

Salfa ikianza kupulizwa, unga wa njano hutanda.
Napanda ngazi na kitambaa, nafuta moja moja, napiga chafya.
Kutoka juu naliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo, Msumbiji.

Watu waliuliza: mnachimba gesi?
Hapana. Madini? Hapana.
Tunapiga sauti juu, tunangoja mwangwi.
Juu wapi? Kilomita mia, mia tatu,
ambako hewa ni haba kuliko maji ya Newala kiangazi.
Na mwangwi unasema nini?
Hapo niliwaelekeza kwa Somoe, fundi. Yeye kasomea.

Mwangwi haukai kwetu.
Usiku uleule unafika Norwei kwa Ingvild, kwenye theluji,
Peru kwa Rosaura, ambako bado ni asubuhi,
Ethiopia kwa Tesfaye, mwenye rada pacha ya hii.
Hawajawahi kula sahani moja,
lakini hugombana kama mawifi juu ya namba zetu.

Umeme wetu mnaujua.
Ukirudi, mashine huamka haina kumbukumbu,
inauliza jambo moja tu: saa ngapi?
Somoe alikuwa likizo ya uzazi. Mimi nilikuwepo.
Magharibi imekwisha adhiniwa, nikatazama mkono wangu:
saa moja na dakika kumi.
Nikaijaza. Moja. Kumi.
Ikapokea, ikaanza kazi.

Wiki sita, huko duniani, watu hawakulala.
Yale mapovu yapandayo angani mara jua likizama,
Peru yanapanda jioni,
Ethiopia jioni,
Newala yanapanda usiku wa manane!
Ingvild akaandika: ajabu. Akaandika tena: ajabu kubwa.
Tesfaye akasema ni upepo wa bahari. Rosaura akasema hitilafu.
Mwanafunzi mmoja, nasikia, aliijengea nadharia,
kurasa kumi na nane, na michoro.

Somoe akarudi, mtoto mgongoni,
akafungua daftari langu la zamu, akasoma, akakaa chini.
Nilidhani analia.
"Chikambo," akasema, "umelichelewesha jua saa sita."

Usiku ule nilikunja shuka langu,
tochi ya ofisi nikairudisha mezani.
Ukimpotosha jirani, unakwenda kumwomba radhi kwa miguu.
Hawa ningewafikiaje?

Siku ya kikao, nyuso tatu kwenye kioo,
mimi nyuma ya Somoe, kofia mkononi.
Akaeleza. Kimya.
Kisha Tesfaye akajipiga kofi la paji:
"Kwetu pia! Kwetu pia ndivyo tunavyohesabu,
na sikuwaza!"
Rosaura hakucheka. Aliuliza, Somoe akatafsiri:
kwa nini saa zenu zinaanza upya na giza?
Nikasema, mchana umekwisha, mama,
kuna haja gani ya kuendelea kuuhesabu?
Usiku ni kitu kingine. Tunaanza moja.

Akaandika kitu. Akasema
hata kule juu ndivyo.
Tabaka lile halijui saa ya London.
Linajua jua limetoka, jua limeingia.

Siku hizi jedwali lao lina safu ya tatu,
imeandikwa kwa lugha yetu, bila tafsiri: Saa ya Newala.
Weka humo vipimo vya Peru, weka vya Ethiopia, weka vyetu,
mapovu yote yanapanda saa moja na kitu.
Nadharia ya yule mwanafunzi sijui iliishia wapi.
Nikimkumbuka, usingizi unanikatika.

Mashine nimefundishwa kuijibu inavyotaka: kumi na tisa, na kumi.
Lakini daftari ni langu.

Saa moja na robo. Umeme upo.
Mbuzi mmoja, upande wa mashariki.