Ukishuka Mbeya Mara ya Kwanza

Basi litakushusha Nanenane alfajiri,
ukungu bado umelala barabarani.
Usishtuke pumzi yako ikigeuka moshi.

Anayekuita mjomba pale stendi si mjomba.
Bajaji, kataa bei ya kwanza,
ya pili pia;
ya tatu panda, baridi haina subira.

Chai ishike kwa mikono miwili.
Sema “ndaga.”
Watacheka, watakuongezea kiazi.

Loleza usiuahidi kuupanda kesho:
kesho huenda usiwepo.

Na sweta usinunue Kabwe.
Njoo Mwanjelwa, umuulizie Tumpale wa mitumba.
Lile la kijani, lenye kiraka kiwikoni,
siuzi.
Nitakuazima.
Ulirudishe siku ya kuondoka,
hata jua likiwaka.
Mwenyewe alikuja Mbeya kwa siku tatu tu.