Sekunde Mbili Kabla ya Kalunde

Msonde aliniletea simu imefungwa ndani ya leso,
Isevya, saa mbili usiku, umeme umerudi punde.
"Mama yumo humu," akasema, "ila lori limemkalia."

Kweli, lori.
Fuso la mnunuzi wa asali, kule Sikonge,
limesimama linanguruma, madumu yanapakiwa,
na chini kabisa, kama mtu aliyefunikwa debe,
Kalunde anagawa mizinga yake.

Kanuni si uchawi.
Tafuta mahali kelele ilipo peke yake,
ipime, ujue wapi nene, wapi nyembamba,
kisha uipunguze kote,
kama mwenye duka anavyopima dumu tupu kwanza
ndipo apime dumu na asali.

Nikachukua sekunde mbili za mwanzo,
kabla hajafungua kinywa.
Nikatoa.

Lori likaenda zake.
Lakini asali ikatoka aali,
msitu ukawa mitu,
Msonde mwenyewe akawa Monde,
maana S na mvumo wa hewa ni ndugu wa tumbo moja,
programu haikujua yupi wa kufukuza.
Na Kalunde akasema bila mapafu,
neno, neno, neno,
karani anayesoma majina ya wadaiwa.

Nikazirudia zile sekunde mbili, spika masikioni.
Chini ya injini
mtu anavuta pumzi.
Nilikuwa nimeifundisha programu
kwamba pumzi yake ni taka.

Kulikuwa na kimya kingine, katikati,
pale sauti ya kike ilipouliza, "Na Mlekwa je?"
Sekunde nne na nusu.
Hata pumzi kaizuia.
Injini tupu, safi kuliko zote nilizowahi kupima,
imepatikana pale mama alipokosa jibu.

Nikaitumia hiyo.
Nikatoa theluthi mbili tu, ya tatu nikaiacha
S zipate pa kujificha.

Msonde alisikiliza ameinamia meza.
"Arobaini za mtoni, mimi. Sawa. Sawa."
Kisha akanyoosha kidole kwenye kioo,
pale mistari ilipolala.
"Hapa mbona kimya hivi? Lori lilikuwapo."

Akaikunja leso mara nne, ikawa ndogo.
"Mlekwa alisema lizimwe.
Mimi ndiye niliyesema liacheni."