Namba Ishirini na Tatu

Kazi yangu ni kuhesabu.
Orodha ya Daktari Vaiva Stonkutė ina kurasa tisa,
nami nina kalamu nyekundu, kipande cha mkate mweusi,
na dirisha linalotazama mto Nemunas, nusu maji nusu barafu.
Makala: alama tano. Sura ya kitabu: tatu.
Muhtasari wa mkutano: nusu alama, iwapo ulichapwa.
Alhamisi kamati itauliza: anatosha kuwa profesa?

Namba moja: jina lake la nne kati ya watano,
vivuli vya ini kwenye picha za tabaka.
Namba sita, jina la pili. Namba tisa, la kwanza,
na nyuma yake Rimša, mpasuaji,
yule aliyezoea kusema, "Nionyeshe pa kupita,"
naye humwonyesha: mshipa huu umekunja kona,
uvimbe huu umeegemea ukuta, usiuendee kwa haraka.
Kongosho, kongosho, wengu, kongosho.
Miaka kumi na mmoja matumboni mwa watu
wala hakuna mtu mwenye jina.

Kisha namba ishirini na tatu.
Si makala. Ni sentensi:
*Masahihisho. Jedwali la pili, safu ya nne, mgonjwa wa kumi na saba.
Palipoandikwa "hai" pasomeke "amefariki".*

Nikafungua kanuni. Masahihisho hayana alama.
Nikampigia simu: hii tuifute, Daktari,
Profesa Bartkus ataanza kuuliza.
Alikuwa kwenye chumba cha giza wanakosomea picha,
nikisikia feni ya mashine ikipumua.

"Aulize," alisema.
"Mkewe alikuja kuomba picha za mumewe.
Makala ilikuwa na miezi mitatu tangu itoke.
Simu ya mwaka tulipiga, haikupokelewa,
mtu akaandika hai
kwa kuwa hakuna aliyesema vinginevyo.
Wagonjwa ishirini na wanane.
Asilimia themanini na mbili ikawa sabini na tisa, basi.
Rimša alisema hakuna atakayeona.
Nami kuona ndiyo kazi niliyosomea."

Akakohoa. Akaniuliza kama theluji imeanza.
Nikamwambia bado.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Na mficha kifo je, wa kumuumbua ni nani?
Mwanamke yule, labda,
aliyesimama dirishani pa mapokezi na bahasha tupu,
akitaka kurudi nyumbani na mifupa ya mumewe
iliyochorwa kwa mwanga, mbavu zote mahali pake,
tarehe pembeni, siku aliyokuwa bado akivuta pumzi
alipoambiwa, "Vuta pumzi. Izuie."

Nikaangalia nani amelinukuu sahihisho hilo.
Mara moja tu, miaka sita baadaye.
Ni yeye mwenyewe: namba arobaini, rejea ya mwisho kabisa.

Nimejumlisha mara mbili.
Mia mbili na kumi na nne, alama zinatosha na kubaki.
Mara zote mbili kalamu ilisimama pale pale.
Kanuni ni kanuni, nikaandika sifuri,
halafu nikaizungushia duara jekundu
kama wao wanavyozungushia doa kwenye picha
ili atakayefuata asije akalipita.